Siku Saba za Kivuko

Kivuko kipya kilipofika Pangani hakikuwa na jina. Kilivutwa kutoka baharini, cheupe pe, kikaingia mlangoni mwa mto asubuhi maji yakijaa, na ubavu wake ulikuwa mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Tanga mjini kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule, nikaiona picha kwenye simu. Aliyenitumia ni mama mdogo, mtu ambaye hatumi picha kamwe. Yeye hutuma sauti, na sauti zake huanza kwa kukohoa. Chini ya picha ile aliandika neno moja: Njoo.

Mama mdogo alizaliwa tumbo moja na mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nyumba yake iko Bweni, ng'ambo ya mto, na ukiketi barazani kwake unaona maji kwanza, kisha mji wa Pangani upande wa pili na mabati yake yenye kutu. Hajawahi kuniita bila kueleza sababu. Akiniita kwa msiba atataja maiti, akiniita kwa harusi atataja rangi ya sare. Kwa hiyo Jumatatu nilifunga duka, nikawaacha wateja wakinung'unika, nikashika njia.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba safari hii jina la kivuko litatoka kwa wananchi wenyewe. Gari la matangazo lilipita pande zote mbili za mto, likiomba watu wafikirie jina zuri, ofisa atakuja kulipokea. Habari hiyo ilinichekesha. Sisi watu wa pwani tuombwe jina tukose? Tuna majina ya kanga, majina ya mikeka, majina ya misuko ya nywele, na jirani akivaa kofia mpya kabla ya adhuhuri keshapewa jina yeye na kofia yake. Nilijiambia ofisa atakayekuja ataondoka na majina ya kujaza gunia.

Nilivuka na kivuko cha zamani, kile kinachotetemeka mpaka meno yanagongana. Ulikuwa mchana wa ukungu mwepesi, ukungu wa joto unaofanya minazi ya Bweni ionekane haijagusa ardhi, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kile kipya kilikuwa kimefungwa pembeni, kimya, hakina hata kutu ya kukifanya kiwe cha hapa. Tulipokipita watu wote waliacha kuzungumza, bila kuambiana. Mwanamke aliyekaa karibu nami, mwenye kapu la dagaa, alinigusa kiwiko.

"Umemuona mgeni?"

"Nimemuona."

"Kalala," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu juzi alipofika hajanguruma."

Hapo nikaelewa, na sikucheka tena. Kwetu mtoto mchanga huitwa mgeni mpaka siku ya saba. Siku hiyo ananyolewa, anachinjiwa mbuzi, na jina lake linaitwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wazazi wanaweza kuwa nalo, lakini linakaa mdomoni, halitoki. Jina lililotajwa mapema, wazee wanasema, humtangulia mwenyewe njiani. Hakuna kikao kilichokaa kuamua kwamba kivuko cha serikali kifanyiwe hivyo. Kilikuwa kimefika, hakina jina, watu wanatakiwa wakipe. Jioni ya kwanza kuna mwanamke aliyeweka chetezo chenye ubani pale kinapofungwa, kesho yake watoto wa chuo cha Kurani wakaletwa kusoma dua, na mambo yakaenda yenyewe.

Nilimkuta mama mdogo amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Swali hilo kwake halisubiri jibu. Alikwisha niwekea wali. Nilikula. Aliendelea kukuna. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Nina jina."

"La nani?"

"La mgeni." Aliacha kukuna. "Ijumaa ndiyo siku yake ya saba. Nataka ulitaje wewe mbele ya watu. Una mdomo, tangu utotoni una mdomo. Mimi mbele za watu ulimi hunikauka."

"Jina gani?"

"Nitakwambia hiyohiyo Ijumaa."

"Mama mdogo, ofisa anakuja kesho. Nimewasikia mabaharia wakisema."

"Kesho ni siku ya nne." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jua litachomoza usiku. "Basi atangoja. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayeuliza jina la mgeni wa siku nne."

Nilitaka kumwambia kwamba ofisini wanahesabu siku nyingine. Sikumwambia, kwa sababu alikuwa amerudia kukuna kifuu kilichokwisha nazi, bila kuona. Na nilijua, bila kuambiwa, kwamba jina lile halikuwa jipya.

Mama mdogo alizaa mara moja tu. Hajawahi kunisimulia yeye. Niliipata habari hiyo kwa vipande, kwa shangazi, kwa majirani, na kwa mzee mmoja muuza machungwa wa Muheza aliyekuwa miongoni mwa abiria siku hiyo. Uchungu ulimshika Bweni, hospitali iko Pangani, na kivuko cha wakati huo kilikuwa katikati ya mto mtoto alipokataa kungoja. Wanawake walivua kanga zao za juu wakazizungusha. Wanaume hawakuambiwa kitu. Waligeuka wote kwa pamoja, wakampa mgongo, wakatazama maji, wengine upande wa bahari na wengine upande mto unakotoka. Nahodha alizima mashine ili sakafu isitetemeke, na kwa muda ule kivuko kikawa kinaelea tu, kinachukuliwa polepole, hakiendi Pangani wala hakirudi Bweni. Mtoto alipolia, muuza machungwa aliadhini bila kugeuka, uso wake ukiwa kwenye maji, na wanawake wakamsogeza mtoto hadi karibu na bega lake ili asikie.

Nimeiona picha hiyo mara nyingi kuliko mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Migongo yote ile. Machungwa kwenye matenga. Mto umenyamaza.

Alikuwa mtoto wa kike. Mama mdogo alikuwa na jina lake tayari; alilichagua mimba ikiwa changa, akamnyima hata mumewe. Alitamani kulitaja mapema, mama mkwe akamwambia kawia ufike, naye akakawia. Siku ya tano homa ikaingia, na alasiri ya siku ya sita mtoto akaondoka. Wanaume waliokwenda kumzika walimpa jina, kwa maana mtoto aliyevuta pumzi hazikwi bila jina. Walichukua lililokuwa karibu, jina jema, la haraka. Mama hakuulizwa. Alikuwa ndani, na kwa kweli nani angekuwa na moyo wa kumuuliza saa ile? Lake likabaki mdomoni.

Mimi nililetwa kwake mwaka uliofuata, mama yangu alipofariki. Nadhani watu waliona ni jambo la busara, mtoto asiye na mama na mama asiye na mtoto. Alinilea vizuri, kwa mkono mzito kidogo. Jambo alilonifunza kabla ya mengine yote ni kuitika. Ukiitwa husemi "nini", husemi "eeh", unasema "abee", na unaisema ukiwa umekwisha anza kuinuka. Nilifinywa sana kwa ajili ya neno hilo. Lakini mara nyingine alipotaka kuniita alifungua mdomo, akasita kidogo, ndipo likatoka langu. Nilijua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba palikuwa na jina jingine limesimama mlangoni mbele ya langu. Nililionea wivu. Nikilala kwenye mkeka mchana wa joto nilijaribu majina yote ya wasichana niliyoyajua, moja baada ya jingine, nikiyatamka puani, nikingoja mojawapo lilie kama kengele. Halikulia hata moja, na usingizi ulikuwa ukinichukua nikiwa katikati ya majina ya watoto wa mtaani.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi nilivuka nikiwa nimekaa kando ya mwanamke mwenye jina hilo mdomoni, nami ndiye niliyeitwa kulisema, na sikulijua.

Mkutano ulifanyika upande wa Pangani, kwenye banda la abiria, kwa sababu lina kivuli. Banda lilijaa pomoni. Kivuko kipya kilikuwa hatua chache kutoka hapo, kinapigapiga ubavu kwenye matairi ya gati kila maji yalipoinuka. Ofisa alikuwa mwanamke wa umri wangu, mtu wa milimani kwa lafudhi yake, nadhani Lushoto, na alikuwa mpole. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, akaninyima nafasi.

Alizungumza vizuri. Alisema kivuko ni chetu, hivyo jina liwe letu, lisitoke mezani kwa mtu ambaye hajawahi kulowa maji ya mto huu. Watu walitikisa vichwa kwa ridhaa. Akasema, karibuni sasa, nani ataanza.

Hakuna aliyeanza.

Alitabasamu, watu wakatabasamu. Akasema asiyependa kusimama anaweza kutuma kwa simu. Watu waliendelea kumtazama kwa upendo mkubwa, kama mgeni aliyeketi mahali pabaya na hakuna anayetaka kumwaibisha. Mbuzi akalia. Alikuwa mbuzi wa Ijumaa, aliyenunuliwa kwa mchango wa pande zote mbili, kafungwa kwenye nguzo ya banda. Ofisa alimtazama mbuzi, akatutazama sisi.

Mzee mmoja aliyekuwa mbele akaona ni vyema amsaidie. "Mwanangu," akasema, "bado mapema."

Ofisa alitazama simu yake. "Ni saa nne na nusu, baba. Mimi ndiye niliyechelewa."

"Hujachelewa," mzee akamjibu kwa upole. "Umewahi."

Watu wakasema kweli, amewahi, amewahi sana. Ofisa akabaki ameshika simu.

Nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimewakasirikia wote, yeye kwa kutouliza sababu na sisi kwa kutosema. Jambo la maneno mawili, hadhara nzima imelifumbia mdomo. Niliinuka nusu nimweleze, na bibi aliyekaa nyuma yangu akaniwekea mkono begani akanikalisha.

"Mambo ya mgeni hayasemwi mbele ya mgeni," akaninong'oneza, na kidevu chake kikaelekea kwenye kivuko.

Kikagonga tairi. Nakiri kwamba wakati ule, katika joto lile na harufu ya ubani iliyobaki, hata mimi niliona kinasikiliza.

Ofisa alivuta pumzi. Sauti yake ilibadilika, si kwa hasira, bali kwa uchovu wa mtu aliyetoka mbali. Alisema ameelewa, huenda kuna jambo halikuturidhisha, na hatatulazimisha. Ofisini kuna majina machache yaliyoandaliwa endapo wananchi hawatakuwa na maoni. Mchoraji atakuja Alhamisi kuandika. Alhamisi. Akaanza kukusanya vitu vyake taratibu, akimpa nafasi mtu yeyote atakayebadili mawazo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kile kilikuwa na mshindo ndani ya kifua kimoja tu. Nilimgeukia mama mdogo. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Niambie," nikamnong'oneza. "Nitasema mimi. Niambie tu."

Alitikisa kichwa kukataa.

Kisha akasimama. Ni mtu mfupi, na kwa kitambo hakuna aliyeona kwamba amesimama. Bibi aliyekuwa nyuma yetu ndiye aliyeona kwanza.

"Ngoja, bibie," akamwambia kwa huruma, kwa sababu alikuwa akijua. Wa rika lao wote walikuwa wanajua. "Ijumaa si mbali. Kawia ufike."

"Nilikawia mara moja," mama mdogo akasema. "Sikufika."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuagiza chumvi dukani. Halafu, kwa sauti hiyohiyo, akalitaja jina.

Sitaliandika hapa. Ni fupi. Halikuwamo katika majina niliyojaribu nikiwa mtoto juu ya mkeka, ingawa watoto wengi wa Pangani wanaitwa hivyo. Nilikuwa nikitafuta jina la ajabu, na lile ni jina la kuitia mtu chakula. Nimelisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na mvi, nikatamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Ofisa alifurahi mno, maskini, ameokolewa. "Ni jina zuri, mama," akasema. "Lina maana gani?"

"Ni jina la mtu."

"Ni mtu wa hapa?"

"Kazaliwa pale," mama mdogo akasema, na mkono wake haukuonyesha mji, haukuonyesha Bweni. Ulionyesha katikati ya mto.

Sauti yake ilikatika hapo, mabega yakaanza kutikisika. Na watu wakafanya jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tu. Wazee walianza, kisha wote, hata vijana wa bodaboda waliokuja kwa ajili ya soda na hawakujua habari yoyote. Waligeuka. Walimpa mgongo mama mdogo, wakatazama maji, wengine upande wa bahari na wengine upande mto unakotoka, ili alie bila kutazamwa. Ofisa alishangaa kidogo, kisha naye akageuka. Na mimi nikageuka. Mto ulikuwa unapita na ukungu wake, mpana, haumwulizi mtu kitu, na nyuma yetu mwanamke alikuwa akilia kilio alichokuwa nacho tangu kabla sijaletwa kwake.

Hatukugeuka mpaka bibi yule aliposema, "Limeshaitwa." Akapiga kigelegele kimoja, chembamba, cha mtu mwenye meno machache. Wengine wakamfuata, vigelegele vikavuka maji, na wanawake waliokuwa gati la Bweni wakaviitikia bila kujua ni vya nini.

Ningependa kusema kwamba jina hilo ndilo lililoandikwa. Halikuandikwa. Ofisa alilipeleka, nina hakika, maana alilirudia mara mbili kabla ya kuingia garini ili asilisahau. Lakini huko lilikopelekwa kulikuwa na majina mengine, na Alhamisi hiyo mchoraji alichora jina kubwa la buluu, jina la kufaa hotuba. Nilipoiona picha, Jumamosi, nimesharudi kwenye cherehani yangu, nilimpigia simu mama mdogo nikiwa nimechemka. Nilisema maneno mengi juu ya watu wanaouliza swali wakiwa na jibu mfukoni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "wewe mwenyewe unaitwaje kwenye cheti?"

Kwenye cheti nina jina ambalo mtu akiniitia barabarani nitapita bila kugeuka.

"Basi," akasema. "Lile ni la cheti." Kisha akaniambia mbuzi alikuwa mtamu, ila pilau iliungua chini.

Nimerudi kwake mara nyingi tangu hapo. Kivuko kimeshapata kutu yake ya kwanza, kimekuwa cha hapa. Watu wa pande zote mbili hukiita kwa jina lile lililoitwa mbele ya watu. Wanaotoka mbali wanasoma ubavuni, wanachanganyikiwa, wanazoea. Wasichana wa shule wanasema wamechelewa kwa sababu yake. Wauza dagaa wanamsengenya, wanasema leo kanuna, leo kaamka vibaya.

Safari ya mwisho nilikuwa barazani kwa mama mdogo, asubuhi, ng'ambo haionekani vizuri kwa ukungu. Yeye alikuwa juu ya mbuzi yake, anakuna nazi. Kivuko kilikuwa upande wa Pangani, na pale gati la Bweni watu walikuwa wamechoka kungoja. Mwanamke mmoja akaweka mikono mdomoni akaita. Aliita jina lile peke yake, kwa kulivuta mwishoni, kama mtu anayemwita mwanawe aje ndani.

Mama mdogo akaacha kukuna.

Ng'ambo kukawa kimya kidogo, kisha kutoka ndani ya ukungu ikaja honi, ndefu, ya chini.

"Abee," mama mdogo akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, akaendelea na nazi yake.